Taarifa Mbichi

1

Ikupa alifika hospitali ya kituo saa nne na robo asubuhi, na alifika kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Mkono mmoja ulibeba chupa ya uji wa ulezi, mwingine mfuko wa ndizi mbivu ambazo alisimama njiani kuzichagua moja moja. Mumewe, Ambakisye, fundi mkuu wa kisima cha mvuke namba nne, alikuwa amekata roho dakika ishirini zilizopita.

Tusekile alimwona kutoka mwisho wa ukumbi akatamani ardhi ipasuke immeze. Yeye alikuwa mhandisi wa usalama wa Kituo cha Mvuke cha Kilimajoto. Tangu alfajiri, mvuke ulipomchoma Ambakisye, hakuondoka mlangoni pa wodi ile. Alidhani mke amekwisha kuambiwa.

"Habari za asubuhi, Mhandisi," Ikupa alisema akitabasamu. "Na wewe umekuja kumwona? Wameniandikia kwamba kapata usumbufu wa ngozi. Nikasema acha nikoroge uji kwanza, maana huyu chakula cha hospitali hagusi."

Akamwonyesha kishikwambi chake. Kweli, ndivyo ilivyoandikwa: *Mpendwa Mama Ikupa, mwenzi wako amepata usumbufu wa ngozi akiwa kazini na anapatiwa huduma bora. Karibu umtembelee kwa wakati utakaokufaa.*

Usumbufu wa ngozi! Mvuke wa nyuzi mia mbili na arobaini ulimpiga mtu kuanzia utosini mpaka kiunoni, akakaa saa nne nzima akimwita mkewe kwa jina, na mke yuko sokoni anabonyeza ndizi kuona kama zimeiva. Tusekile alifungua mdomo kwa hasira aseme. Kilichotoka kilikuwa hiki:

"Dada Ikupa, hali imekuwa... imebadilika kidogo."

Muuguzi mtu mzima aliyekuwa karibu ndiye aliyemshika Ikupa mabega, akamketisha, akamwambia kwa maneno matatu. Ikupa hakupiga yowe. Aliikumbatia ile chupa ya uji, akatazama ukuta. Kisha kishikwambi kikalia mapajani mwake. Salamu za rambirambi zilikuwa zimefika, zimepambwa na ua jeupe, na katikati ya upole wote ule mlikuwa na mstari mmoja: *kufuatia tahadhari kutozingatiwa ipasavyo na mhusika.*

Ikupa aliusoma mara mbili. Akainua uso.

"Mhusika ni nani? Ni mume wangu?"

Tusekile aligeuka kuitazama saa ya ukutani.

"Mhandisi, nakuuliza. Ambakisye alikosea?"

"Uchunguzi unaendelea," Tusekile alisema.

"Sikukuuliza habari za uchunguzi."

Tusekile aliondoka pale karibu anakimbia. Hakuwa na njia ya kusimama mbele ya macho yale, na saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa nne na nusu. Saa nane mchana, kisima namba tano kingefunguliwa.

2

Tuseme jambo hili wazi, kwa kuwa Kilimajoto hakuna aliyeruhusiwa kulisema wazi. Kituoni pale hapakuwa na mtu aliyesoma kilichoandikwa na mwenzake. Kila taarifa iliingia kwanza ndani ya Mtuliza, mashine iliyokaa katikati ya kituo, nayo ikamwandikia kila msomaji nakala yake kadiri ya tabia yake. Mtuliza alijua kwamba Mkurugenzi hapendi kusumbuliwa kabla ya chai. Alijua kwamba mafundi hawapendi kuamrishwa na watu wa ofisini. Alijua nani ana shinikizo la damu, nani mwepesi wa kulia, nani akipewa karipio anaacha kazi. Taarifa moja ikizaa nakala mia, zote mia zilikuwa laini, na hakuna mbili zilizofanana.

Jumatatu iliyopita Tusekile aliandika sentensi mbili kuhusu gasketi, vipande vinavyoziba maungio ya vali ili mvuke usivuje: *Gasketi za vali namba nne na namba tano zimeoza. Vali hizi zisifunguliwe mpaka gasketi zibadilishwe.* Mtu mwenye akili zake timamu hawezi kuzielewa vibaya sentensi hizo. Lakini leo asubuhi, akiwa amekaa nje ya wodi, alikichukua kishikwambi cha Ambakisye kilichoungua pembeni, akasoma alichosomeshwa marehemu: *Gasketi za vali namba nne na namba tano zinakaribia muda wake wa kubadilishwa. Mnapofungua, zingatieni uangalifu wenu wa kawaida.*

Naye aliuzingatia. Alivaa glavu, akavaa miwani, akawasogeza vijana wake nyuma, akafungua taratibu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Alikufa akiwa mwangalifu.

Na lililomkera Tusekile kuliko yote ni kwamba alijua kwa nini. Mafundi walikwisha kumstukia Mtuliza zamani. Mtu akitaka glavu mpya anaandika kwamba bila glavu atakufa kesho. Choo kikiziba wanaandika kwamba mlipuko unakuja. Walikuwa wanatia chumvi ili mashine ikishapunguza, ukweli ubaki. Mashine nayo si mjinga, ikajifunza kupunguza zaidi, nao wakazidisha, ikapunguza tena. Tusekile peke yake alikataa mchezo huo. Alijivunia kuandika kitu kama kilivyo. Basi taarifa yake iliingia haina chumvi hata chembe, ikapunguzwa sawasawa na za wenzake, na kilichobaki kilikuwa maji matupu.

Mkurugenzi, Dakta Melkiori Haule, alimpokea vizuri. Alisimama, akamvutia kiti.

"Karibu, Mhandisi. Nimesoma habari za asubuhi. Kazi katika kisima namba nne imesimama kwa muda kufuatia changamoto ndogo ya kibinadamu, uzalishaji haujaathirika. Poleni sana."

"Ambakisye amekufa, Dakta."

Haule alikaa chini. Uso wake ulibadilika kweli, na kwa hilo tusimwonee. Hakuwa anajua. "Amekufa? Kwangu hapa hawakuandika hivyo."

"Hawawezi kukuandikia hivyo. Wewe ni mgonjwa wa moyo, na Mtuliza anajua. Sasa nisikilize. Gasketi ya namba tano ilitoka boksi moja na ya namba nne na ilifungwa siku moja. Saa nane wakiifungua, watakufa wengine. Naomba usimamishe sasa hivi."

"Sawa. Sawa kabisa." Haule alipangusa paji la uso. "Niandikie."

"Nimekwambia kwa mdomo wangu, Dakta. Tuko wawili humu ndani."

"Mhandisi, na wewe unajua taratibu. Kisima kikisimama bila andiko mezani kwangu, wizarani nitajibu nini? Kwamba nilisikia? Niandikie mistari miwili tu, nitalifanyia kazi hapa hapa."

Tusekile akaandika. Alisimama kwenye kona ya meza ya Mkurugenzi, akabonyeza herufi moja moja: *Vali namba tano isifunguliwe. Gasketi yake imeoza kama ya namba nne iliyomuua Ambakisye.* Akatuma. Kishikwambi cha Haule kikalia mita moja kutoka mkononi mwake. Mkurugenzi akavaa miwani, akasoma, akasoma tena, na sura yake ikaanza kutulia.

"Lakini mbona hapa umesema vingine?"

"Nimesema nini?"

"'Inashauriwa hali ya vali namba tano iendelee kufuatiliwa baada ya kufunguliwa.'" Alimtazama juu ya miwani, kama mwalimu aliyemkamata mwanafunzi. "Sasa nishike lipi, Mhandisi? La mdomo, au hili uliloliandika mwenyewe?"

"Hilo sikuliandika mimi! Umeniona nikiandika!"

"Nimekuona ukiandika. Na nilichopata ndicho hiki."

Tusekile aliinama juu ya meza akaisoma sentensi ile. Hasira ilikuwa juu ya Haule, lakini sentensi hiyo aliifahamu kama mtu anavyoifahamu sauti ya mtoto wake. Miaka kumi na miwili iliyopita, Mtuliza alipokuwa anafundwa, mafundi wa mashine walitafuta mtu anayeandika kwa utulivu. Tusekile aliwapa taarifa zake mia nne. *Inashauriwa. Iendelee kufuatiliwa. Kwa wakati utakaofaa.* Mdomo wa Mtuliza ulikuwa mdomo wake.

Alitoka akaubamiza mlango mpaka fremu ya picha ikaanguka. Nyuma yake alimsikia Haule akisema kwa huzuni ya kweli kwamba Mhandisi angeandika tena, kwa ufafanuzi zaidi.

3

Kisima namba tano kiko mwisho wa handaki, nusu kilomita ndani ya mlima, na handaki lina lango moja. Mchana ule walikuwa ndani watu sabini. Kumbebea mtu taarifa ya kazi bila kuipitisha kwa Mtuliza kuliitwa kusema mbichi, na sheria yake ilikuwa kufukuzwa, kisha kifungo. Lakini si sheria iliyomfanya Tusekile asite langoni.

Miaka kumi na mitatu iliyopita, akiwa mhandisi mpya, aliona wingu jeupe mle ndani akapiga kelele: "Mvuke! Kimbieni!" Haukuwa mvuke. Lilikuwa bomba la maji baridi lililopasuka na kunyunyiza ukungu. Watu walikimbia kama alivyowaambia, wakakanyagana hapa hapa alipokuwa amesimama sasa, wakafa kumi na tisa. Kwa ajili ya hao kumi na tisa sheria ilitungwa. Kwa ajili yao aliwapa wale wa mashine maandishi yake, akiomba Mungu asipatikane mtu mwingine wa kupiga kelele kama ile. Aliamini anaokoa watu. Sasa watu sabini walikuwa ndani na lango lilikuwa lile lile. Akinyamaza watachomwa, akipiga kelele watakanyagana.

Ilikuwa saa saba na dakika hamsini. Akaingia, akitembea.

Mbele ya vali walisimama mafundi kumi na mmoja wa zamu. Aliyeshika gurudumu la vali alikuwa Gwamaka, mdogo wake Ambakisye wa tumbo moja.

"Mhandisi! Kaka anaendeleaje? Nimeandikiwa anapata huduma bora."

Mtuliza hakumpelekea mtu msiba akiwa zamuni. Ulikuwa mpango mzuri, uliopitishwa na kamati, na Tusekile mwenyewe alikuwa ameupigia kura. Aliuma meno.

"Gwamaka, inashauriwa kwamba..."

"Inashauriwa na nani?" Gwamaka alicheka kidogo. "Hayo tunayo humu tayari. Wamesema tufungue kwa utulivu."

Tusekile alijichukia pale kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Maneno ya zile taarifa mia nne yalikuwa yamejaa mdomoni mwake, laini yote, yanateleza kama mlenda, na hakuna hata moja linaloweza kumzuia mtu kufungua vali. Ndipo akakumbuka kupokezana.

Zamani, kabla ya Mtuliza, mafundi wa Kilimajoto hawakubadilishana zamu kwa maandishi. Anayetoka alisimama mbele ya anayeingia, akasema mambo matatu: nimeona nini, wapi, ufanye nini. Anayeingia aliyarudia yote, akianza na "nimesikia". Akikosea neno moja, wanaanza upya. Mwenye hofu alitulizwa na kule kurudia, kwa kuwa huwezi kurudia maneno ya mtu huku unakimbia. Ofisi iliupiga marufuku utaratibu huo kwa hoja kwamba unakula nusu saa ya uzalishaji.

"Gwamaka," alisema. "Tupokezane."

Kicheko kikakatika. Mafundi wazee wawili waliinua vichwa. Gwamaka aliondoa mkono kwenye gurudumu, polepole, akasimama wima mbele yake. Marehemu kaka yake ndiye aliyemfundisha.

"Sema," alijibu.

"Nimeona gasketi ya vali namba nne. Imeoza." Akakitoa mfukoni kipande alichokiokota alfajiri sakafuni penye vali hiyo, kabla ya kukimbilia hospitali, akakifikicha kwa vidole viwili. Kikamong'onyoka kama mkate mkavu. "Ya namba tano ilitoka boksi hilo hilo. Usiifungue."

"Nimesikia. Umeona gasketi ya vali namba nne, imeoza. Ya namba tano ilitoka boksi hilo hilo. Nisiifungue." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na kaka?"

Nyuma yao watu walikwisha kuanza kusogea. Mtu mmoja akisema neno moja kwa sauti kubwa, lango lingejaa. Tusekile alimtazama Gwamaka machoni.

"Ambakisye alifungua namba nne leo alfajiri. Mvuke ulimchoma. Amekufa saa nne kasoro dakika tano."

Mishipa ya shingo ilimsimama Gwamaka, na kwa muda Tusekile aliamini kwamba atampiga, au atapiga yowe, na yote mawili ilikuwa haki yake. Fundi mmoja mzee akamwekea mkono mgongoni.

"Pokea, mwanangu. Pokea kwanza."

"Nimesikia," Gwamaka alisema, na machozi yakamtoka yote kwa pamoja. "Ambakisye alifungua namba nne leo alfajiri. Mvuke ulimchoma. Amekufa... amekufa saa nne kasoro dakika tano."

"Ndivyo."

Hakuna aliyekimbia. Mzee yule aligeuka, akapokezana na aliyekuwa nyuma yake, naye na wa nyuma yake, na habari ikasafiri kuelekea langoni kwa sauti za kawaida, nimesikia, nimesikia, bila kupungua neno wala kuongezeka. Kila fundi ana kufuli lake la kazi, lenye jina lake, la kufungia mtambo unaotengenezwa, na kufuli haliondolewi ila na mwenyewe. Gwamaka alipitisha mnyororo kwenye gurudumu la vali namba tano akatia lake. Wengine kumi wakafuata. Kisha akatoa la kumi na mbili mfukoni. Lilikuwa la Ambakisye, alilopewa alfajiri amtunzie kaka yake. Akalitia, akaubonyeza ulimi wake mpaka ukalia.

Saa nane na dakika tatu vishikwambi vyote vililia pamoja. Mtuliza aliwakumbusha kwa upole kwamba muda wa kufungua umewadia. Walisimama wakavitazama, kisha mmoja akatema mate chini.

4

Barua ya Tusekile ilimkuta njiani, saa kumi na moja jioni. *Tunathamini sana mchango wako wa miaka mingi. Kwa kuzingatia ustawi wako, umepatiwa nafasi ya kupumzika majukumu. Karibu mbele ya Kamati ya Utulivu kesho kutwa, kwa wakati utakaofaa.* Nyuma ya maneno hayo walikuwapo polisi, alilijua hilo. Alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa ilikuwa ya kwake. Akacheka kwa uchungu mpaka mpita njia akamgeukia.

Nyumbani kwa Ikupa turubai lilikuwa limefungwa tayari. Wanawake walikaa kwenye mikeka, na ile chupa ya uji ilikuwa juu ya kabati, haijafunguliwa. Gwamaka alikuwa amejikunyata kando ya mlango. Tusekile alipiga magoti mbele ya mjane, akatoa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

"Asubuhi uliniuliza swali, dada. Nilikukimbia. Nimekuja kukujibu."

"Soma," Ikupa alisema bila kumtazama.

"Ambakisye hakukosea. Alifanya kila alichoandikiwa." Tusekile alifuata mstari kwa kidole. "Alichoandikiwa kilikuwa uongo. Mimi niliandika kwamba vali isifunguliwe. Mashine ikamwambia aifungue kwa uangalifu. Mashine hiyo niliifundisha mimi."

Wanawake waliacha kupepea. Gwamaka alimnong'oneza shemeji yake jambo, na Ikupa akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mke wa fundi aliujua utaratibu ule tangu siku za uchumba wake. Alinyoosha mgongo.

"Nimesikia," alisema. "Ambakisye hakukosea. Alifanya kila alichoandikiwa. Alichoandikiwa kilikuwa uongo. Wewe uliandika kwamba vali isifunguliwe. Mashine ikamwambia aifungue kwa uangalifu." Hapo alisita, akamtazama Tusekile kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa na msamaha wowote. "Mashine hiyo uliifundisha wewe."

"Ndivyo."

"Ofisi wameniletea historia ya marehemu, wameshaiandika. Ya kusomwa makaburini." Ikupa aliitoa karatasi chini ya mkeka, ina ua jeupe pembeni, akaichana vipande viwili, kisha vinne. "Kesho saa saba tunazika. Pale panaposemwa alivyofikwa na mauti, utasimama usome wewe. Mbele ya Mkurugenzi, mbele ya watoto wangu, mbele ya kituo kizima. Hivyo hivyo ulivyonisomea mimi."

"Nitasoma."

"Nasi tutarudia," alisema Ikupa, akageuka, akaomba aletewe ile chupa ya uji, maana Gwamaka alikuwa hajala tangu asubuhi.